Mkono Shavuni

Wagonjwa wetu wengi hawajui jina lake. Wanamwita Bi Shavu, na yeye huitika. Ukikaa kwenye kiti cha kliniki yetu ya meno, ukalazwa chali hadi miguu ikawa juu kuliko kichwa na taa ikakuwakia usoni, kitu cha kwanza utakachohisi si koleo wala sindano. Ni kiganja chake, kimevaa glavu lakini bado kina joto, kinatua taratibu kwenye shavu lako, upande uleule unaouma. "Pole," atakuambia, "ni hapa, eeh?" Nawe na utu uzima wako wote utaitikia kwa pua kama mtoto.

Watu wanaupenda mkono huo kupita kiasi. Kuna bibi mmoja muuza vitambaa alikuja kusafishwa meno tu, hana linalouma hata moja, akaenda kulalamika mapokezi kwamba wenzake wote wameshikwa shavu isipokuwa yeye, kwani amekosa nini? Ikabidi arudishwe ndani akashikwe. Nilicheka hadi barakoa ikalowa. Wakati huo nilikuwa mgeni kazini, msaidizi wa pili, kazi yangu kuosha vyombo, kuvichemsha na kushika bomba la kunyonya mate, na niliamini kama kila mtu kwamba ule ni upole wa mama mtu mzima.

Upole ulikuwepo, siwezi kumnyima, maana mwanamke yule hata nyigu humtoa dirishani kwa gazeti bila kumuua. Lakini mkono haukuwa kwa ajili ya mgonjwa. Ulikuwa kwa ajili ya Daktari. Ulikuwa unamwonyesha jino liko upande gani.

Daktari ni kaka yake, tumbo moja. Mama yao alifariki Bi Shavu akiwa bado na meno ya utoto, na kaka mtu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza chuo, ndiye aliyemwogesha, akamsuka nywele vibaya, akampeleka shule. Meno yenyewe ya utoto alimng'oa yeye, kwa uzi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. Kabla ya kuusukuma mlango alikuwa anamwekea kidole shavuni na kumuuliza, "Hapa?" naye anajibu, "Hapo," na mlango unabamizwa. Bi Shavu hulisimulia hilo tukinywa chai, na kila akilisimulia hujishika shavu. Daktari alipofungua kliniki, alimsomesha mdogo wake kozi ya usaidizi, akamweka pembeni mwa kiti, na tangu hapo hajatoka. Daktari alipofiwa na mkewe, Bi Shavu akahamia kwake kabisa. Nyumbani anamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Kazini anamwita Bi Shavu kama sisi wengine.

Ugonjwa wa Daktari ulianza na vitu vya kuchekesha. Miwani ilikutwa kwenye friji. Mimi akawa ananisalimia mara mbili asubuhi moja, nikadhani nimependwa kazini. Mikono yake haikuguswa, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mkono wa Daktari ni mwepesi ajabu. Jino analitoa kufumba na kufumbua, mgonjwa bado anajiuliza kama ameanza. Kinachompotea ni alichokisoma dakika moja iliyopita. Anasoma kadi: gego la juu, kulia. Anageuka kuvaa glavu. Akigeuka tena, kadi imeshafutika kichwani, na yeye mwenyewe hajui kwamba imefutika, kwa hiyo haulizi. Anachagua upande kwa utulivu kabisa huku akipiga mluzi.

Bi Shavu aligundua kwa fundi cherehani mmoja, mama wa watu, gego lake la kushoto limeoza hadi mzizini. Daktari akapeleka sindano ya ganzi kulia. Bi Shavu hakupata neno la kusema mbele ya mgonjwa bila kumvunjia kaka yake heshima, basi mkono ukamtoka wenyewe, ukaenda kwenye shavu la kushoto, na mdomo ukasema, "Pole, ni hapa, eeh?" Daktari akauona mkono. Sindano ikahama upande kana kwamba ndiko ilikokuwa inakwenda tangu mwanzo. Fundi akaondoka na shukrani tele, na Bi Shavu akaenda chooni akatapika.

Haya aliniambia mwenyewe, stoo, tukifunga vyombo kwenye vifuko, baada ya mimi kuanza kuuliza maswali. Mimi ni mtu wa maswali, sikatai, na ulimi wangu hauna breki.

"Sasa Dada, kwa nini usimwambie aache kazi?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alilia." Akabana kifuko kwenye mashine, akakikagua kama kimeziba vizuri. "Jumapili moja nilimkalisha, nikamweleza yote. Alinielewa, usidhani hakunielewa. Alilia, akanishika mikono, akanishukuru, akasema tutafunga mwisho wa mwezi. Asubuhi nikamkuta sebuleni kavaa shati jeupe, ananiuliza mbona sijajiandaa, wagonjwa watasubiri."

"Alikuwa amesahau?"

"Kama hatukuwahi kukaa. Nikamwambia mara ya pili, akalia vilevile, kwa uchungu uleule. Mara ya tatu hivyohivyo. Kila nikimwambia anafiwa upya, mwenzangu. Na anayemletea huo msiba ni mimi. Sina tena moyo huo."

"Basi waambie wakubwa. Si kuna mamlaka?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Nikamshitaki aliyenitoa chawa kichwani?"

Nikarudi kwenye vifuko vyangu. Kwa hiyo mambo yakaendelea. Bi Shavu hakuchukua likizo. Alikuja na homa, macho mekundu, akashika mashavu ya watu. Alikuja siku mvua imekata barabara, viatu mkononi. Harusi ya binti wa rafiki yake alikwenda jioni, chakula kimeshaliwa. Kilichokuwa kinamnyima usingizi kilikuwa kitu kimoja tu, na alikitaja kila wiki tukiosha vyombo. "Siku nisipokuwepo," alikuwa anasema, halafu hamalizii. Hakuwa na haja ya kumalizia. Ukumbini walikuwa wamejaa watu na magego yao, wengine wamekuja na watoto.

Ndipo ikaja taarifa kwamba wakaguzi watatutembelea kukagua usalama na uendeshaji wa kliniki.

Kama hujawahi kufanya kazi mahali panaposubiri wakaguzi, basi hujaona watu wazima wakichanganyikiwa. Mpokea wagonjwa, ambaye kwa kawaida humwita mtu kwa kidevu, alianza kuita watu "mpendwa". Mtungi wa kuzimia moto, uliokuwa unatumika kuzuia mlango usijifunge, ulifutwa vumbi na kutundikwa ukutani kama picha ya babu. Tulitoa ganzi iliyopitwa na muda, tukabadilisha masanduku ya sindano zilizotumika, tukabandika maelekezo ya kunawa mikono juu ya kila bomba, hata lile la uani ambalo halitoi maji. Daktari alikuwa anapita katikati yetu akiuliza kwa uchangamfu, "Kuna sherehe gani?" Tunamwambia ukaguzi. Anasema vizuri sana. Baada ya muda anapita tena na kuuliza kuna sherehe gani.

Mtu pekee aliyekuwa na furaha ya kweli alikuwa Bi Shavu. Nilimkuta anaimba huku anasugua miguu ya kiti cha mgonjwa.

"Hawa watu wamesomea kuona," aliniambia. "Na watakaa mle ndani wamtazame akifanya kazi, imeandikwa kwenye taarifa yao. Wakiona wenyewe, mimi sitakuwa nimemsema. Watamsimamisha kwa heshima, kwa barua yenye muhuri. Barua nitaibandika ukutani nyumbani, mkabala na kitanda chake. Akiamka akisahau, ataisoma. Sitamwambia tena mimi, itamwambia barua."

Nilimwelewa. Lakini nikauliza, maana ndivyo nilivyo, "Dada, wewe ukiwa umesimama pale na mkono wako, wataona nini?"

"Sitakuwa nimesimama pale. Nitakuwa kitini."

Akafungua mdomo, akanionyesha. Gego la chini kushoto lilikuwa limevunjika nusu, jeusi, limemuuma siku nyingi na yeye amelitunza kama akiba. La kulia, mkabala wake, lilikuwa zima kabisa.

"Akikosea, nimepoteza langu," alisema. "Siwezi kuutoa mdomo wa mtoto wa mtu kwa jambo la nyumbani kwetu. Utakayesimama pembeni ni wewe. Nataka uniapie. Mkono wako usiguse shavu langu. Na mdomo wako, ninaujua, uutie kufuli mpaka jino litoke. Likishatoka nitasema mwenyewe. Hili silo. Maneno mawili tu, hayanishindi."

"Na akipatia?"

"Akipatia nimepona jino," alisema, akaendelea kusugua.

Nikaapa. Sikupenda, lakini niliapa.

Wakaguzi walikuja wawili. Mmoja mwanamume mrefu mwenye kishikwambi, ambaye alikuwa kiongozi. Mwingine mwanamke mfupi mwenye tochi. Nikawaita Mrefu na Tochi, kimoyomoyo. Sisemi walikuwa wavivu, wala hawakuwa watu wa kuhongwa hata kwa chai. Walikataa hata maji. Tochi alipiga magoti akamulika chini ya sinki. Mrefu alifungua kila kabati, akasoma tarehe kwenye kila chupa, akanitaka nimweleze jinsi ninavyochemsha vyombo tangu mwanzo hadi mwisho, na alipogundua nimeruka hatua ya kuvikausha alinirudisha nyuma. Nilisema moyoni, kweli hawa wamesomea kuona, leo hakiwapiti kitu.

Daktari aliwapokea kwa tai. Alikuwa amependeza, na mambo ya zamani hayajamtoka hata kidogo, kwa hiyo aliwaeleza mshipa fulani unavyopita ndani ya taya hadi Tochi akazima tochi kusikiliza. Akawasimulia kisa cha mgonjwa aliyemng'ata kidole kisha akamdai yeye fidia ya jino. Wakacheka. Tukaenda chumba cha pili, akawasimulia tena kisa kilekile, neno kwa neno. Wakacheka tena, kwa adabu. Nikamwona Mrefu anaandika, nikajifanya naokota kitambaa ili nichungulie. Alikuwa ameandika: mazingira ya kazi ni rafiki.

Kisha Mrefu akasema wangependa kuona mgonjwa akihudumiwa.

Bi Shavu alikuwa tayari amekaa, kitambaa cha bluu shingoni, mikono ameikunja tumboni. Mrefu aliuliza kama wafanyakazi hutibiwa hapahapa. Daktari akajibu kwa madaha kwamba huyu ndiye mgonjwa wake wa kwanza duniani, na mlango ulikuwa na uzi. Wakacheka kwa mara ya tatu, na safari hii Bi Shavu naye alicheka, kidogo.

Daktari akachukua kadi, akasoma kwa sauti. "Gego la chini, kushoto." Sawasawa kabisa. Nikaanza kutamani akosee na nikaanza kuogopa asikosee, na vyote viwili vilinitia aibu. Tochi akamuuliza, "Daktari, dawa ya kufutia kiti mnaibadilisha kila baada ya muda gani?" Daktari akageuka, akamjibu vizuri tu. Akavaa glavu. Akageuka kwa mgonjwa.

Hapo nikamwona anautafuta mkono. Macho yake yalikwenda shavu moja, yakaenda la pili, yakarudi. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimelikumbatia bomba la mate kwa mikono yote miwili, nikatazama sakafu. Mluzi wake ukakatika, halafu ukaendelea. Akamfungua mdogo wake mdomo, akagonga jino la kulia kwa mpini wa kioo, akaguna kwa kuridhika, akaomba ganzi.

Nilimpa. Ilikuwa ndiyo kazi yangu.

Ganzi inahitaji muda ishike, na nilidhani huo ndio muda watakapoona. Picha ya eksrei ilikuwa ukutani kwenye taa yake, gego la kushoto limeoza hadi asiyesoma angeliona. Tochi alisimama mbele yake. "Picha ina tarehe na namba ya mgonjwa," alisema. "Vizuri." Mrefu akaokota kichupa cha ganzi kilichotumika, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma tarehe, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akaandika kwamba Daktari amevaa miwani ya kinga. Akaandika kwa kusifu kwamba sindano haikurudishiwa kifuniko kwa mikono miwili. Yote yalikuwa kweli. Nilitaka kupiga kelele. Bi Shavu aliniona, akanishika upindo wa joho langu, akauvuta mara moja chini: nyamaza.

Kisha Daktari akashika koleo. Sijui nisemeje kuhusu wepesi wake, maana ulikuwa mzuri, ndivyo ulivyokuwa, hata siku ile. Mkono ulizunguka mara moja kama anafungua kifuniko cha mtungi wa asali, na jino likawa kwenye sahani. Gego jeupe, mizizi yote mizima, lisilo na kitundu hata cha ncha ya pini. Unaweza kulichora kwenye kitabu cha shule.

"Mabaki ya mwili mnayatupa wapi?" aliuliza Tochi.

"Chombo chekundu chenye kifuniko cha kukanyaga," nilijibu.

Nikamtazama Bi Shavu. Ilikuwa zamu yake. Pamba ilikuwa mdomoni, lakini pamba hutolewa. Maneno mawili. Aliitoa pamba, akaishika mkononi, akatazama juu kwenye taa. Mrefu alianza kufunga kishikwambi. Daktari alikuwa anavua glavu. Na yeye hakusema.

Kiapo kilikuwa hadi jino litoke, na jino lilikuwa limetoka. Nikachukua sahani nikampelekea Mrefu hadi chini ya pua yake.

"Mkaguzi," nikasema, "hili jino ni zima. Silo lililoandikwa kwenye kadi."

Tochi aliacha kumulika. Mrefu akalitazama jino, akatazama kadi, na namshukuru kwa hilo, akamgeukia mgonjwa. "Mama, anachosema msaidizi ni kweli? Lililokuwa linauma ni lipi?"

Bi Shavu akafungua mdomo. Na Daktari naye akawa amelitazama jino. Lazima niseme kwamba aliliona. Kuna dakika aliona kila kitu, na uso wake ulianguka ukawa wa mtu aliyefika nyumbani akakuta watu wamejaa uani. Akainama karibu na kiti, tai ikagusa kitambaa cha bluu, na akasema kwa sauti ya nyumbani ambayo sijawahi kuisikia pale kazini:

"Kitinda. Nimekuumiza?"

Mrefu alikuwa anasubiri. Sote tulisubiri. Niliona machozi yanamtoka Bi Shavu pembeni ya macho, yanaingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali.

"Ndilo hilo," alisema, ulimi mzito kwa ganzi. "Lilikuwa linauma kwa ndani. Ahsante, Kaka."

Nikasema hapana. Nikasema mtazameni mdomoni, la kushoto liko palepale limeoza. Mrefu akaniambia kwa upole kabisa, na ndio upole uliokuwa unanikasirisha, kwamba wao hukagua mazingira na taratibu, hawawezi kumbishia mgonjwa kuhusu jino lake mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Kuhusu la kushoto, bila shaka Daktari angeliangalia baadaye. Kisha akaandika. Sikuhitaji kuchungulia, alinisomea, akidhani atanifurahisha: wafanyakazi wako huru kutoa maoni mbele ya mkuu wao.

Nilimkabili Bi Shavu stoo, hasira zimenifika shingoni. "Ulisema hayakushindi! Maneno mawili!"

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, shavu la kulia limevimba.

"Ulisikia alivyoniita?" alisema.

"Nilisikia."

"Basi wewe sema ungeweza."

Alasiri ile Daktari alipita mlangoni, akamwona shavu limevimba, akasikitika kweli, akamuuliza nani amemng'oa jino vibaya hivyo.

Cheti kilifika, cha miaka miwili, chenye muhuri mzuri wa dhahabu. Kimetundikwa mapokezi, mkabala na mlango, na ndicho kitu cha kwanza Daktari anachokiona akiingia kazini. Kila asubuhi anasimama mbele yake, anasoma kidole kikifuata mstari, kisha anageuka uso umemng'aa. "Jamani! Tumefaulu!" Mpokea wagonjwa hupiga makofi. Bi Shavu husema, "Hongera, Kaka." Kila asubuhi anafaulu upya. Halafu tunawasha taa, anaingia mgonjwa wa kwanza, na mkono unakwenda shavuni.

Gego la kushoto halikungoja. Lilimvimbisha hadi jicho likaanza kuziba. Nikamwambia aende kliniki nyingine, nitamsindikiza, ziko tele mjini.

"Nikifungua mdomo kwa daktari mwingine," alisema, "ataona kidonda cha kulia na jino bovu la kushoto. Ataniuliza nani aliyekosea. Nitasema nini?"

"Utasema ukweli. Si ndio ulioutaka?"

"Niliutaka waone wao," alisema. "Waliangalia. Hawakuona."

Basi tulibaki sisi watatu, ukumbi umeshakuwa mtupu, taa ya juu ya kiti inawaka. Akapanda kitini mwenyewe. Daktari alisoma kadi, akageuka kuvaa glavu, akageuka tena, na macho yakaanza kutangatanga, shavu hili, shavu lile. Safari hii hapakuwa na kiapo, na mimi nikaachia bomba nikanyoosha mkono wangu. Bi Shavu aliusogeza pembeni taratibu.

Akachukua mkono wa kaka yake, akauweka kwenye shavu lake la kushoto, akaushikilia hapo.

"Hapa?" aliuliza Daktari.

"Hapo," alisema.